Mfereji wa jikoni unanipiga, na mimi nilitaka soketi moja tu

"Assalaam alaykum fundi. Nyumba yetu ipo Miembeni, Unguja mjini, aliijenga marehemu baba, na sasa naishi mimi, mama na wanangu watatu. Nilitaka kuongeza soketi moja jikoni kwa ajili ya friji, maana sasa linatumia ekstensheni inayopita mlangoni. Fundi alipofungua boksi la breka akakuta waya wa kijani umetoka humo ukaenda kufungwa kwenye bomba la maji la chuma nyuma ya nyumba. Lakini bomba hilo limebaki kipande. Miaka mitatu nyuma fundi bomba alifukua lile lililokuwa ardhini kwa sababu ya kutu, akaweka la plastiki. Nondo ya ethi hakuiona popote, na kutoka nguzoni zinakuja waya mbili tu. Nikamweleza kwamba mashine ya kufulia ikiwa inafanya kazi na mimi naosha vyombo, mfereji unanichoma vidoleni kama sisimizi. Akasema hafungi soketi mpaka nyumba nzima ivutwe waya mpya, na bei aliyonitajia siiwezi. Nikaita wa pili. Yeye kasema soketi ni soketi, anaifunga kwa nusu saa, na habari ya ethi ataunganisha kijani na nyutro humo humo ndani ya soketi, 'ni kitu kimoja'. Breka hazijawahi kuruka hata siku moja na umeme wa Tukuza, hii mita ya kulipia kabla, haujawahi kukatika wenyewe. Nimsikilize nani?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Kabla sijakujibu, nenda kachomoe mashine ya kufulia. Usiizime kwa kitufe chake wala kwa swichi ya ukutani ukaridhika. Itoe plagi kabisa, ibaki nje ya soketi. Kisha rudi tuzungumze.

Umeuliza habari ya soketi, lakini ulichonieleza ni kwamba nyumba yako haina ethi, yaani njia ya kuuteremsha ardhini umeme uliotoroka, kwa miaka mitatu sasa, na hukujua kwa sababu taa zinawaka na feni zinazunguka kama kawaida. Ethi ikipotea hakuna kinachozimika. Ndiyo maana hugunduliwa siku kama hii, fundi anapokuja kwa kazi ndogo akafungua boksi lililokuwa halijafunguliwa tangu mzee alipokuwa hai.

Nikujibu moja kwa moja. Fundi wa pili usimruhusu aguse kitu. Fundi wa kwanza yuko sahihi kukataa kufunga soketi, ila amekosea alipokwambia dawa yake ni nyumba nzima kuvutwa waya upya. Katikati ya hao wawili kuna kazi ya siku moja, pengine siku moja na nusu kwa ardhi yetu ya mawe, na soketi yako ni sehemu yake ya mwisho.

Sasa kwa nini. Wengi wetu tumekua tukiambiwa waya wa kijani ni wa radi. Si wa radi. Kazi yake ni hii: umeme ukitoroka kwenye njia yake ukaingia kwenye chuma cha friji au cha mashine, upate njia nyepesi ya kuteremka ardhini, na mteremko huo umfanye mlinzi aliyemo kwenye boksi akate. Bila hiyo njia, chuma kinabaki na volti 230, kimya, kikimsubiri mtu wa kwanza atakayekigusa akiwa amesimama sakafuni. Hapo njia ya kuteremka ni mwili wake.

Kazi ya pili ya waya za kijani, ambayo mafundi tunaiita bondingi, watu huichanganya na hiyo ya kwanza. Bondingi ni kuvifunga pamoja vyuma vyote ambavyo mkono wa mtu unaweza kuvigusa kwa wakati mmoja: bomba la maji, mwili wa mashine, nguzo za chuma za jengo kama zipo. Vikifungwa pamoja vinapanda na kushuka kwa volti moja, na umeme haupiti baina ya vitu viwili vilivyo na volti sawa. Kunguru hawa wetu wa mjini wanakaa juu ya waya wa nguzo wakipiga kelele asubuhi nzima kwa sababu miguu yote miwili iko kwenye waya ule ule.

Kwako, bondingi ipo na ethi haipo, na huo ndio mchanganyiko mbaya kuliko yote. Ni kama mashua tano zilizofungwa pamoja kwa kamba nzuri, ila nanga ya pamoja imekatika. Zamani waya wako wa kijani ulikwenda kwenye bomba la chuma, na bomba lile lilikuwa limelala mita nyingi ndani ya udongo mbichi. Ilikuwa ethi nzuri tu, sikatai. Marehemu baba yako hakudanganywa. Ndivyo nyumba nyingi zilivyofungwa. Lakini kanuni za Kiingereza, ambazo ndizo tulizorithi katika ufungaji wa nyumba, zilishakataza tangu miaka ya 1960 kulitegemea bomba la shirika la maji kuwa ethi pekee ya nyumba, na sababu yake ndiyo hii hii iliyokukuta: siku moja atakuja fundi bomba na plastiki yake, atafanya kazi nzuri kabisa ya maji, na ataondoka na ethi yako begani bila yeye wala wewe kujua.

Kilichobaki ni kipande cha chuma kinachoingia ndani mpaka kwenye mfereji wa jikoni. Kijani cha boksi bado kimefungwa kwenye kipande hicho, na kijani cha mashine ya kufulia kinarudi kwenye boksi. Kwa hiyo mwili wa mashine na mfereji wako vimeungana kwa waya mzuri wa shaba, lakini vyote viwili vinaelea. Kinachoupata mwili wa mashine, mfereji unakipata saa hiyo hiyo.

Hao sisimizi wanatoka wapi? Uwezekano ni wa aina mbili, na kwa vidole huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni ya kawaida: mashine za kisasa zina kichujio kidogo ndani, chenye kapasita mbili, moja kutoka kwenye laivu (waya unaoleta umeme) na nyingine kutoka kwenye nyutro (waya unaourudisha), na zote zinakutana kwenye mwili wa mashine. Zimewekwa hapo makusudi na mtengenezaji, akitegemea ethi ipo ya kuteremsha mvujo huo mdogo. Ethi ikikosekana, mwili wa mashine unasimama katikati, kwenye volti 115 hivi. Umeme unaoweza kupita hapo ni kidogo, kwa kawaida hauzidi miliampea chache kwa mashine moja, kwa hiyo unasikia mchomo tu. Ukiongeza friji, televisheni na kompyuta ya mwanao kwenye kijani hicho hicho kinachoelea, mivujo hiyo inajumlishana.

Aina ya pili ni mbovu: hita iliyomo ndani ya mashine imeanza kupasuka na maji yanagusa umeme wenyewe. Leo mvujo ni mdogo kwa sababu ufa ni mdogo. Kesho siujui. Mtu akikwambia "ni mvujo wa kawaida huo, usijali" bila kupima, mwulize amejuaje. Testa, ile bisibisi yenye taa, haitakusaidia hapa: inawaka kwa volti 115 za kichujio kama inavyowaka kwa laivu kamili, na isipowaka pia haimaanishi pako salama.

Sasa tuje kwenye breka ambazo hazijawahi kuruka, maana hapo ndipo ulipojipa matumaini. Breka ya kawaida haijui chuma kimeingia umeme. Inachojua ni wingi wa umeme unaopita. Chukua breka ya ampea 32, ya aina iliyoandikwa herufi B ubavuni: ili ikate papo hapo inahitaji kama ampea 160. Tuseme leo hii una nondo ya ethi, na upinzani wake ni omu 100, kiwango ambacho kwa udongo wetu si cha kushangaza. Laivu ikigusa mwili wa friji, gawanya 230 kwa 100: inapita ampea 2.3. Breka inaona ampea mbili kama mtu aliyewasha kibirika kidogo. Haitakata leo, haitakata mwakani. Na kwako hata hizo omu 100 hazipo. Kwa hiyo kutokuruka kwa breka hakukuambii chochote kuhusu usalama wa mfereji. Mita ya Tukuza nayo kazi yake ni kuhesabu uniti.

Anayekata katika hali hiyo ni mwingine: ile swichi pana ndani ya boksi yenye kitufe kidogo kilichoandikwa T, mafundi wanaiita RCD. Yeye halinganishi wingi. Analinganisha kwenda na kurudi. Kilichokwenda kwa laivu lazima kirudi kwa nyutro. Kikipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna mahali kinatoroka, na anakata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kwa nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe, huyu si pambo, ndiye mlinzi mkuu. Turudi kwenye hesabu yetu: nondo ya omu 100 ukizidisha na miliampea 30 unapata volti 3. Yaani chuma hakiwezi kupita volti tatu hivi kwa muda bila RCD kukata. Ona tofauti: nondo ile ile iliyokuwa haifai kitu mbele ya breka, mbele ya RCD inatosha na kubaki.

Lakini nisikupe RCD kama hirizi. Kuna mafundi watakaokwambia weka RCD tu, ethi achana nayo. RCD bila ethi itafanya kazi, ndiyo, ila itasubiri umeme upate njia ya kutoroka, na njia hiyo itakuwa wewe au mtoto wako. Utapigwa kwanza, kisha itakata. Aghalabu utasalimika, mimi siko tayari kumwekea mama yako "aghalabu". Ethi ikiwepo, hitilafu inakatwa saa ile ile inapotokea, pengine usiku wa manane hakuna aliyegusa kitu. Na kitufe cha T ukikibonyeza RCD ikaruka, umepima mashine yake ya ndani tu. Kitufe hicho kinaruka vizuri kabisa hata katika nyumba isiyo na ethi hata tone.

Nirudi kwa yule fundi wa pili na "ni kitu kimoja" yake. Nimelikuta jambo hili katika nyumba nyingi, na kila nikilikuta mikono inanitetema. Nyutro kweli imeunganishwa na ardhi mahali fulani huko kwenye transfoma, ndiyo maana akaona ni kitu kimoja. Lakini nyutro ni njia ya kurudia umeme, inabeba mzigo. Njia hiyo ikikatika popote baina ya soketi yako na transfoma, na hapa kwetu hewa ya chumvi inakula viungo vya nguzoni, upepo wa kusi unazitikisa waya miaka nenda miaka rudi, basi umeme uliokwishapita kwenye taa na feni zako unafika kwenye nyutro na haupati pa kwenda. Kwa kuwa nyutro imefungwa na kijani ndani ya soketi, unaingia kwenye mwili wa friji. Taa zote zimezima, watu wanadhani umeme umekatika, na ndipo mtoto anafungua friji kutafuta maji. Hiyo ni njia moja. Ya pili ni fupi zaidi: siku fundi mwingine akifungua boksi na kugeuza laivu na nyutro kwa bahati mbaya, mwili wa friji unakuwa laivu tangu dakika ile ile. Na kwa kuwa kijani chako kimefungwa na mfereji, mfereji nao.

Nami niseme kosa langu ili usidhani nazungumza kutoka mbinguni. Umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kebo ya chini ya bahari haileti kitu, sisi mafundi tulikuwa tunafunga jenereta usiku na mchana. Nyumba moja ya wageni huko mashariki walitaka jenereta na soketi mbili za ziada jikoni kwa friji za samaki. Niliona klampu ya ethi imeota kijani cha kutu, ukiigusa inacheza. Nikajiambia nimeitwa kwa soketi, ethi ni ya aliyenitangulia. Wiki mbili baadaye mpishi alirushwa na mlango wa friji mpaka akaangukia meza. Alipona, alhamdulillah, na bado akiniona sokoni ananicheka. Lakini soketi aliyopigiwa nilikuwa nimeifunga mimi. Soketi ya matundu matatu ni ahadi: tundu la juu linamwambia mtu kuna ethi hapa. Ukiifunga pasipo na ethi, umemwambia uongo.

Ndivyo kanuni inavyosema pia, kwa lugha yake kavu: usiongeze wala usibadilishe kitu katika ufungaji wa zamani mpaka uthibitishe kuwa ethi na bondingi zilizopo zinatosha kwa hicho unachokiongeza. Haisemi kila nyaya ya nyumba iwe mpya. Inasema ethi na bondingi. Ndiyo maana nasema fundi wako wa kwanza alisimama mahali pa haki, kisha akaenda mbali kuliko alivyohitaji. Sitaki kumdhania vibaya. Huenda aliona waya ambazo hukuniandikia.

Kwa hiyo mwite yeye, si yule wa pili, mwambie unataka kazi kwa mpangilio huu.

Kwanza apime waya zilizopo. Kuna kipimo kinachotumia volti 500 kuangalia kama ganda la plastiki la waya bado zima. Waya nyekundu na nyeusi za zamani si mbovu kwa sababu ya rangi; zilikuwa rangi za wakati wake kabla ya kahawia na buluu. Zikiwa na ganda laini na kipimo ni kizuri, zinaendelea. Kinacholazimisha kuvuta upya ni ganda linalomomonyoka ukilikunja, waya zenye ganda la mpira au kitambaa, au soketi ambazo hazikupelekewa waya wa kijani kabisa tangu mwanzo. Kama ni moja katika hayo, nitakuwa upande wake, na hata hapo unaweza kuanza na jikoni na bafuni, vyumba vya kulala vikangoja.

Pili, nondo ya ethi. Na nikisema nondo simaanishi ile ya ujenzi iliyobaki kwenye msingi. Chuma kitupu kwenye udongo wetu wa pwani kinaliwa na kutu ukageuka. Nunua iliyovikwa shaba, ya mita 1.2, ile inayoweza kuungwa nyingine juu yake. Huko Miembeni udongo unaweza kukubali; jamaa zetu wa Makunduchi na Nungwi, walio juu ya mawe ya matumbawe, nondo inagonga jiwe baada ya futi moja. Hapo fundi hutoboa, au anapiga nondo mbili tatu zenye umbali baina yake usiopungua urefu wa nondo moja, akaziunganisha. Chagua mahali panapopata unyevu, karibu na yanapomwagika maji ya kufulia. Waya wa kutoka nondo mpaka kwenye boksi uwe mnene, milimita 16 za mraba ukipita ardhini, na klampu iwekewe kishimo chenye kifuniko ili mtu aweze kuifungua na kuiona. Klampu iliyozikwa kwenye saruji ni klampu isiyokaguliwa.

Utaambiwa mwagia chumvi na makaa. Makaa hayana ubaya mkubwa, yanashika unyevu. Chumvi inashusha kipimo siku hiyo, fundi anaonekana hodari, kisha masika mawili yanaiosha na ilichobakisha kinakula shaba. Mimi siweki.

Kipimo cha nondo lazima kiandikwe kwa tarakimu. Kikiwa chini ya omu 200 nitalala. Juu ya hapo kinaanza kutotulia, leo kizuri kesho kibaya, kwa hiyo aongeze nondo. Na kama kazi itafanyika masika, umwombe arudi Januari au Februari kupima tena, wakati wa kaskazi, udongo ukiwa umekauka. Nondo inayosoma omu 60 kwenye matope ya Aprili inaweza kukushangaza kwenye vumbi la Februari.

Tatu, RCD ya miliampea 30 kwenye boksi. Kwa sababu ya mashine ya kufulia, mwambie achukue iliyoandikwa aina A, si AC. Mashine zenye elektroniki huvujisha umeme wa umbo ambalo AC huenda isilione. Ukiweza kumudu mbili, moja ya taa na moja ya soketi, usiku ikiruka hamtabaki gizani.

Nne, bondingi yenyewe, na hapa usikubali kufungiwa klampu kila mahali kwa jina la usalama. Bomba la plastiki halifungwi chochote. Kile kipande cha chuma kilichobaki ndani, apime kama bado kinagusa ardhi mahali fulani, kwa mfano kimepita ndani ya sakafu mbichi. Upinzani wake kwenda ardhini ukizidi omu 22,000 hivi, hakileti volti kutoka nje, hakihitaji bondingi, na ni bora kikaachwa peke yake kuliko kukifunga na mashine zako zote. Ukiwa chini ya hapo, kifungwe kwa waya wa milimita 6 za mraba usiopungua; wengi huweka 10 moja kwa moja, na mimi ni mmoja wao. Sijui jibu la nyumba yako mpaka mtu apime, na fundi pia hajui kwa macho. Bafuni, RCD ikiwepo na hayo mengine yakiwa sawa, zile waya ndogo za ziada za kuunganisha kila bomba si lazima.

Baada ya hapo ndipo soketi ya friji. Nusu saa, kama alivyosema yule wa pili. Hapo alisema kweli.

Kuna kazi ambazo hazihitaji kungoja haya yote. Swichi iliyopasuka na chuma chake kikaonekana, holda iliyoungua: abadilishe leo, kwa sababu anapunguza hatari iliyopo, haongezi mpya. Ila akuandikie kwenye karatasi kwamba alikuta nyumba haina ethi na amekwambia. Huko Uingereza fundi hutoa hati maalumu ya kazi ndogo, na ina mahali pa kuandika kasoro alizozikuta. Kwetu hata karatasi ya daftari la skuli inatosha, yenye tarehe na vipimo, ikabandikwa ndani ya mlango wa boksi.

Kumjua fundi anayeiweza kazi hii hakuna siri. Mwulize ana kipimo gani cha ethi. Akikuonyesha testa au balbu yenye waya mbili, mshukuru, mpe nauli. Na akikutengenezea ethi, mlipe kazi ya ethi; usimwambie tulipatana soketi. Mapatano ya soketi yalifanyika kabla hamjajua.

Mpaka siku hiyo, mambo machache. Klampu ya kwenye bomba usiikate wewe, wala usimruhusu kijana wa mtaani aikate; hatujui kipande kile kinafanya nini mpaka kipimwe. Plagi ya mashine usiivunje pini ya tatu, nimeona watu wakifanya hivyo. Friji liache lilipo, ila ekstensheni itoke mlangoni, ipite ukutani watoto wasiikanyage, na mtu asifungue friji miguu mitupu sakafu ikiwa na maji. Malapa ya mpira yanasaidia kidogo, lakini ukigusa friji kwa mkono mmoja na mfereji kwa mwingine malapa hayana habari.

Kama ulivyochomoa mashine mchomo umekwisha, tumejua umetokea mlango gani. Kama mfereji bado unachoma hata ukizima swichi kuu ya nyumba, umeme unatoka nje yako, labda kwa jirani mnayechangia naye bomba au ukuta. Hapo usisubiri fundi wa kesho. Mwambie jirani na uwaite ZECO, shirika la umeme. Waite pia kama taa zinawaka kupita kiasi halafu zinafifia, maana hiyo ni dalili ya nyutro iliyolegea, au kama boksi la mita lina joto au harufu ya kuungua. Zima swichi kuu, na mita usiifungue, ule muhuri ni wao. Na mtu akinaswa, Mungu apishe mbali, zima kwanza ndipo umguse. Aliyepoteza fahamu hata kidogo, aliyeungua, mjamzito, au anayesikia moyo unakwenda mbio baada ya kupigwa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akisema hajambo.

Fundi akimaliza, msimamishe jikoni. Awashe mashine ya kufulia, apime volti baina ya mfereji na mwili wa mashine, kisha baina ya mfereji na sakafu iliyolowa. Baada ya hapo apime hita ya mashine yenyewe, maana ethi mpya ikiwepo, RCD mpya itaruka mara ya kwanza tu mashine ikishika joto kama ufa upo, na utadhani fundi kakuharibia. Hajaharibu, RCD imeona kilichokuwa kikifika kwenye vidole vyako. Hita hubadilishwa, mashine haitupwi. Wiki hii nguo mzifue kwa mkono.